Mdomo wa kikombe umekataa kukaa: kutafuta kosa kwenye michoro ya vitu vya mezani

Umepanga kikombe, chupa na kitunguu mezani, umevichora kwa mistari mitupu, na picha imekataa kukaa. Usikimbilie kifutio. Anayefuta kabla hajajua kosa limetoka wapi hulichora tena palepale, safari hii akikandamiza zaidi.

Makosa ya anayeanza hutoka sehemu tatu: mkao (ulivyokaa, karatasi ilivyolala, mwanga unapotokea), jicho (unachodhani unakiona badala ya kilichopo), na mkono. Kinachopoteza watu ni kwamba kosa la mkao likishafika kwenye karatasi hufanana kabisa na kosa la mkono. Mtu anajiaminisha kwamba hana kipaji, anajaza madaftari kwa mazoezi ya kunyoosha mistari, kumbe kilichotakiwa ni kuinua ubao tu. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa chini ina jaribio lake. Lifanye kwanza, ndipo ushike dawa.

Vifaa vinavyotosha ni penseli ya HB na ya 2B (iliyo laini na nyeusi zaidi), karatasi za A4, ubao mgumu wa kuegemeza, kifutio, na uzi wenye kitu kizito mwishoni. Upande wa vitu, tafuta kikombe cha bati, bilauri ya kioo, chupa, kitunguu na kasha la kiberiti. Acha kwanza birika lenye nakshi na ua lenye petali nyingi. Wala usione vitu hivi ni vya kitoto. Giorgio Morandi wa Bologna, Italia (1890–1964), alirudia chupa, makopo na mabakuli yaleyale kwa miaka mingi ya maisha yake, na kuanzia 1930 hadi 1956 alifundisha kwenye chuo cha sanaa cha mji huo ufundi wa kuchapa picha kwa mabamba yaliyochorwa kwa tindikali. Kazi zake za mabamba zimejengwa kwa mistari tu, na vitu vyenyewe ni vile ambavyo ungevikuta kwenye kabati la jikoni.

Kila kitu kimerefuka

Ukiwa umeketi, picha inaonekana sawa. Ukiisimamisha ukutani, chupa imekuwa nyembamba na ndefu, kitunguu kimekuwa yai.

Angalia kwanza: vimerefuka vyote, au kimoja? Kama vyote vimevutwa kuelekea juu, karatasi ilikuwa imelala bapa mezani. Sehemu yake ya juu iko mbali zaidi na jicho, tena unaitazama kwa mshazari, kwa hiyo urefu unaouchora unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Mkono unafidia kwa kuuongeza, na wewe huna habari. Egemeza ubao kwenye ukingo wa meza, upande wa chini ukae mapajani, hadi macho yakutane na katikati ya karatasi kwa pembemraba. Viweke vitu ili vionekane juu kidogo ya ukingo wa ubao. Macho yahame kutoka kwenye kikombe hadi kwenye karatasi bila kichwa kuzunguka. Anayetumia mkono wa kulia avipange kushoto kwake, ili mkono wake mwenyewe usimzibe.

Kama kilichorefuka ni chupa peke yake, ubao hauna hatia. Huko ulianza na shingo, ukaipenda, ukaichora kubwa, kisha mwili wote ukalazimika kuifuata. Tatizo lako ni vipimo.

Umepima, na bado havikubaliani

Upimaji wa penseli unajulikana: nyoosha mkono, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na upande mmoja wa kikombe, sogeza kidole gumba hadi upande wa pili. Sasa una upana. Geuza penseli isimame, uone upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu.

Jaribio: pima uwiano huohuo mara tatu mfululizo. Ukipata majibu matatu tofauti, kosa ni la mkao, na hapa kuna manne ya kukagua. Kiwiko kimekunjika, lazima kinyooke kabisa kila mara, kwa sababu kikilegea kidogo tu kipimo kinabadilika. Jicho limebadilishwa, ukianza na la kulia, umalize na la kulia. Penseli imelala kuelekea vitu. Ishike kana kwamba mbele yako kuna kioo cha dirisha na penseli imelala juu ya kioo hicho, isikitoboe. La nne ndilo linalowapata wengi: kiti kimesogea. Chora chaki sakafuni kuzunguka miguu ya kiti na kuzunguka kila kitu mezani. Ukiinuka kunywa maji, utarudi palepale.

Ukipata jibu moja mara zote tatu lakini picha inasema jingine, basi unapima vizuri na hubebi ulichopima. Unachokwenda nacho kwenye karatasi ni uwiano, si sentimita. Kama kikombe kina upana mmoja na robo kwa urefu, chagua upana wowote unaotaka kwenye karatasi, kisha urefu uwe huo na robo yake. Watu wengi hupima kwa uangalifu mkubwa, kisha huchora kwa kukisia kana kwamba kule kupima kulikuwa ibada ya kufungulia kazi.

Kaa mbali pia. Kama mpangilio wako una kimo cha sentimita 30, kaa angalau sentimita 90 kutoka kwake, na ikiwezekana zaidi. Ukiwa karibu mno, unaiona chupa kutoka sehemu mbili: shingo ukiwa umeinua kichwa, kitako ukiwa umekiinamisha, na picha moja haiwezi kubeba mitazamo miwili.

Mdomo wa kikombe

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo michoro mingi inapokufa. Mdomo wa kikombe ni duara, lakini ukiutazama kwa mshazari unaona duaradufu, yaani duara lililobanwa. Duaradufu hilo huharibika kwa namna tano, na kila moja ina chanzo chake.

*Lina ncha kali pembeni, kama jani.* Umechora matao mawili, la juu na la chini, ukayakutanisha. Duaradufu halina pembe. Hata pale linapogeuka kwa kasi zaidi, bado linageuka. Chora kwa mzunguko mmoja usiokatika, mkono mzima ukizunguka kutoka kwenye bega, na uzungushe penseli hewani mara kadhaa kabla haijagusa karatasi. Mizunguko miwili mitatu hafifu juu ya mwenzake si dhambi. Utachagua baadaye.

*Mdomo ni wa mviringo, kitako ni mstari ulionyooka.* Hili ni kosa la jicho. Akili inajua kikombe kimekaa juu ya meza iliyo bapa, basi inanyoosha kitako. Chukua bilauri ya kioo, tia maji nusu, iweke chini ya usawa wa macho yako. Sasa unaona maduaradufu matatu: la mdomo, la uso wa maji, na la kitako. La mdomo, lililo karibu zaidi na usawa wa macho, ndilo jembamba zaidi. La maji limefunguka kuliko hilo. La kitako limefunguka kuliko yote. Inamisha kichwa taratibu hadi mdomo wa bilauri uwe mstari mmoja tu, kisha tazama kitako: bado ni duaradufu. Fanya hivi kabla ya kila zoezi la kikombe katika siku za mwanzo. Ukishaliona kwenye kioo, utaliamini kwenye bati.

*Mdomo umefunguka sana, kitako kidogo.* Ni kosa lilelile limegeuzwa. Tunavutwa na ndani ya kikombe, tunataka kuonyesha chai iliyomo, tunafungua mdomo kana kwamba tumesimama juu yake. Pima: unene wa duaradufu unaingia mara ngapi kwenye upana wake? Kama mdomo una upana mara nne ya unene, uandike hivyo pembeni ya karatasi, usiutegemee moyoni.

*Limeinama upande mmoja.* Chora mhimili wa kikombe, ule mstari unaopita katikati kutoka juu hadi chini. Mstari mrefu wa duaradufu lazima uukate kwa pembemraba. Kikombe kikisimama, mstari huo mrefu umelala mlalo, hata kama kikombe kiko pembeni kabisa mwa mpangilio. Kikombe kikiangushwa ubavu, mhimili unalala, na duaradufu linasimama pamoja nao. Kanuni hii moja inatibu sufuria, chungu, kinu, ndoo, hata magurudumu.

*Nusu ya kulia hailingani na ya kushoto.* Kwa kulitazama tu hutaliona, kwa kuwa jicho lako limeshazoea kosa lake. Pindua karatasi juu chini, au itazame kwenye kioo cha kujitazamia. Upande ulionenepa utajitokeza mara moja. Kabla ya kusahihisha, hakikisha ulichora duaradufu zima, pamoja na sehemu ya nyuma ya kitako ambayo haionekani. Kuchora tao la mbele peke yake ni kukisia. Lichore lote hafifu, kama vile bati limekuwa kioo, kisha ufute usilolihitaji.

Ukifika hapo, ongeza unene wa ukingo. Kikombe cha bati kina mzingo wa nje na wa ndani, na nafasi kati yake haiwi sawa kote: ni pana zaidi kulia na kushoto, nyembamba mbele, nyembamba zaidi nyuma. Anayeifanya sawa kote huishia na kikombe kilichovalishwa pete.

Mistari ina manyoya

Badala ya mstari mmoja, kuna vipande kumi vifupi vimepandana. Wengi huambiwa hapohapo wafanye mazoezi ya mkono. Subiri.

Chukua karatasi nyingine, weka nukta mbili zilizoachana kwa urefu wa kiganja, ziunganishe kwa mstari mmoja. Rudia mara chache. Kama mistari hii imetoka safi na ile ya kwenye picha ina manyoya, mkono wako ni mzima. Hujui mstari unakwenda wapi, kwa hiyo unapapasa. Dawa ni kuweka nukta kwenye picha pia: hapa bega la chupa linaanza, hapa linaishia, hapa katikati linapobonyea zaidi. Kisha tazama chupa, tazama nukta, vuta mstari.

Kama hata kati ya nukta mbili una manyoya, basi ni mkono. Huenda unashika penseli kama unavyoshika kalamu ya kuandikia, karibu na ncha, na kuchora kwa kifundo cha mkono. Kifundo kina safari fupi. Mstari mrefu ukifika kikomo chake, lazima uinue penseli na kuanza upya. Shika penseli mbali zaidi na ncha, kifundo kitulie, kiwiko na bega vifanye kazi. Macho yawe kwenye nukta unayoiendea, yasifuate ncha ya penseli.

Nitetee hapa mistari ya kutafuta. Mistari miwili mitatu mirefu, hafifu, inayoulizia umbo liko wapi, ni kazi halali na mara nyingi ni nzuri kuitazama. Manyoya ni vipande vifupi, vizito, vinavyorudia kosa moja. Usimwache mtu akuchanganyie hivi viwili.

Vitu vinaelea au vinaingiliana

Kitunguu kinaonekana kama kimening'inia mbele ya chupa. Tazama vitako: vyote vimekaa kwenye mstari mmoja? Vitu vilivyo karibu nawe mezani vinapaswa kuwa na vitako chini zaidi kwenye karatasi. Vya mbali, juu zaidi. Tumia uzi wako wenye uzito kama timazi ya fundi: ushike mbele ya jicho, uone kitako cha kitunguu kiko chini kiasi gani ya kitako cha chupa, na ni sehemu gani ya chupa iko wima juu yake.

Halafu chora nyayo. Kwa kila kitu, maliza duaradufu la kitako hadi nyuma, kana kwamba vyote ni vya kioo. Nyayo mbili zikipandana, umeweka vitu viwili mahali pamoja, jambo ambalo meza yako haikulifanya. Hakuna kipimo ninachokiamini kuliko hiki kwa mpangilio wa vitu vingi, na kinachukua dakika moja.

Zikiwa nyayo ni sawa na bado kuna utata, tafuta mahali ambapo mizingo miwili inagusana bila kupandana: ubavu wa kitunguu umegusa tu ubavu wa chupa, au ukingo wa meza umepita sawasawa na mdomo wa kikombe. Jicho halijui kipi kiko mbele. Sogeza kitu kimoja mezani, kifunikwe wazi au kiachane wazi, kisha uchore upya.

Kasha la kiberiti linapanuka kwa nyuma

Umelijua kasha kuwa na pande zinazolingana, umelichora unavyolijua. Ongeza kwa rula ncha za pande mbili zinazokwenda mbali nawe. Zikiachana kadiri zinavyokwenda, hilo ndilo kosa. Zinapaswa kukaribiana taratibu na, zikiongezwa vya kutosha, kukutana kwenye usawa wa macho yako, mara nyingi nje kabisa ya karatasi. Zikikutana haraka, ndani ya sentimita chache, kasha litaonekana kubwa kama kontena. Kwa kitu kidogo kama hiki kukaribiana ni kwa kiasi kidogo sana.

Chupa zote zinaegemea upande mmoja

Kama zote zimeegemea upande uleule, karatasi ilikuwa imekaa mshazari kwenye ubao. Ibane upya, chora mstari mmoja wima sambamba na ukingo wa karatasi, uutumie kama shahidi.

Uwiano ni sahihi, lakini picha imekuwa ya waya

Hakuna kilichokosewa, na hakuna kilicho hai. Mstari una unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jaribio: kunja macho nusu, tazama vitu. Mipaka mingine inabaki imara, mingine inapotea. Kama kwenye karatasi mipaka yote ina nguvu sawa, umepata sababu.

Badilisha penseli uende 2B, uzidishe uzito pale kitu kinapokutana na meza, pale kitu kimoja kinapofunikwa na kingine, na upande ulio kivulini. Upande unaopigwa na mwanga uwe hafifu, na pale mwanga unapokula kabisa ukingo wa bilauri, ukate mstari uuache wazi. Mtazamaji ataumalizia mwenyewe. Pale mstari wa kitu cha nyuma unapofika kwenye kitu cha mbele, wa nyuma usimame na wa mbele upite bila kukatika. Mikutano hiyo midogo hutoa kina kingi kuliko kivuli chochote utakachopaka.

Haya yote yanahitaji mwanga unaotoka upande mmoja. Dirisha moja au balbu moja, si vyote viwili. Karibu na ikweta jua la saa sita liko karibu utosini na mwanga wa ubavuni hupungua dirishani, kwa hiyo chora asubuhi au alasiri, na chora mipaka ya vivuli mapema, yote kwa mkupuo, maana baada ya nusu saa vitakuwa vimehama.

Karatasi imechafuka, ina mifereji

Mifereji ni penseli ngumu iliyokandamizwa. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1795 ya kuchanganya grafiti na udongo wa mfinyanzi, ugumu wa penseli unategemea mchanganyiko huo: udongo ukizidi, penseli ni ngumu na mstari ni hafifu. Ukitaka mstari mzito badili penseli, usiongeze nguvu. Uchafu wa kiganja unazuiwa kwa kipande cha karatasi safi chini ya mkono.

Ilikuwa nzuri, ikaharibika ghafla

Jiulize mara ya mwisho uliinua macho lini. Kama umechora mistari minne mitano bila kutazama vitu, hiyo mistari umeitoa kichwani, na ndiyo iliyoharibu. Ifute hiyo tu, si picha nzima. Kama uliinua macho kila mara na bado kila mstari mpya unapunguza badala ya kuongeza, hakuna kasoro ya kutibu: picha ilikwisha kabla yako. Andika tarehe kwenye kona, ondoa karatasi kwenye ubao, uache kikombe palepale ndani ya alama zake za chaki, na uweke karatasi nyingine.